Kuku Waliopotea bila Kelele

Aikaeli alistaafu kazi ya kutunza stoo ya chakula katika shule moja ya bweni, akarudi Mwika kwenye kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, alichoachiwa na marehemu mumewe. Alirudi na tabia aliyoizoea kwa miaka ishirini na sita: kutomwamini mtu. Stoo ndiyo iliyomfundisha. Aliwahi kuona maharage yakitolewa ndani ya ndoo ya maji machafu, na sukari ikitoka kwenye soksi za mpishi yuleyule aliyeongoza sala ya asubuhi. Kwa hiyo majirani walipomsimamisha njiani kumwamkia, yeye alitazama mikono yao kwanza, uso baadaye.

Binti yake Gladness, anayefanya kazi Dar, alimnunulia kuku wa kienyeji kumi na wanane ili asikae mpweke. Aikaeli akamfunga kila mmoja kipande cha kitenge chekundu mguuni, asije mtu akadai kuku ni wake.

Mwewe ndiye aliyeanza. Ukungu ukishaondoka, mnamo saa nne asubuhi, alizunguka juu ya migomba, na ukigeuka tu kifaranga hayupo. Aikaeli alipambana naye kisawasawa. Alitundika diski chakavu za sidii kwenye matawi zing'ae juani, akavuta kamba za nailoni juu ya uwanja kutoka mgomba hadi mgomba, na vifaranga akawafunika kwa tenga mpaka wapate manyoya. Tena akanunua mbwa mwekundu kutoka Tarakea, akampa jina Askari. Kivuli cha mwewe kilipopita tu, Askari alibweka huku ameinua kichwa. Haukuisha mwezi, mwewe akahamia kwa wengine.

Halafu wakaanza kupotea wakubwa. Kuku mzima anayetaga anatoweka mchana kweupe, na hakuna aliyesikia kelele wala aliyeona unyoya uwanjani. Mwewe hawezi kumbeba kuku wa uzito ule. Kicheche huja usiku, na usiku kuku walikuwa ndani, mlango umekomewa. Nguchiro angeacha vurugu. Na Askari hakubweka hata mara moja. Aikaeli akaliwaza, akalirudia, akafikia mahali pamoja: mwizi ni mtu, tena ni mtu anayejulikana na mbwa.

Mtu huyo hakuwa mbali. Aminieli, mdogo wa marehemu mumewe, aliishi na mkewe Hellen ng'ambo ya mfereji, upande wa juu. Zamani alikuwa mpagazi wa mlimani, hadi goti lilipomharibikia. Sasa alifuga ng'ombe wawili, na kila siku alikatiza uwanjani kwa Aikaeli na mzigo wa majani kichwani. Askari alimtikisia mkia. Aikaeli akaanza kukumbuka mambo. Kulikuwa na harufu ya mchuzi iliyotoka kwa Hellen siku ambayo haikuwa sikukuu. Kulikuwa na siku Aminieli alipouliza, hivi hivi tu, kama kuku wanaendelea vizuri. Kwa nini aulize? Na ule mzigo wa majani ungeweza kuficha hata mbuzi.

Alimvizia wiki mbili. Alipomsikia anakuja, alitoka na ungo akajifanya anapepeta. Siku moja alimsihi aushushe mzigo apumzike kidogo, kisha akayapekua majani kwa ncha ya kiatu. Hapakuwa na kitu. Badala ya kutulia alizidi kushuku: kumbe ameshajua anatazamwa.

Kuku wa saba alipopotea, akaenda kwa mjumbe, mzee Fabian. Waliitwa majirani wanne, na Aikaeli akaeleza yote, pamoja na harufu ya mchuzi. Aminieli alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema, "kaka yangu nilimuuguza mimi. Ningetaka kitu chako ningekuomba."

Mjumbe akawasihi wavumiliane. Tangu siku hiyo Aminieli hakukatiza tena uwanjani. Alizunguka kwa barabara ya kanisani, na goti lile bovu, karibu nusu saa nzima. Aikaeli akaona huo nao ni ushahidi. Hata kuku wa nane alipopotea, alisema moyoni kwamba safari hii ametumwa mke.

Baada ya siku chache Hellen alikuja mwenyewe. Aliamkia shikamoo, akafungua pindo la kanga na kutoa vitambaa vitatu vyekundu vyenye udongo. Alikuwa akikata majani korongoni, chini ya shamba la Aikaeli, akakuta hivyo, na manyoya, na miguu ya kuku. Akasema pale palikuwa na nyayo za mbwa. Aikaeli alipokea, akashukuru kwa mdomo. Moyoni alijiuliza huyu mama alijuaje pa kutafuta.

Kesho yake akavaa gauni la safari, akafunga mlango kwa kishindo, akashika njia ya barabarani kama mtu anayeteremka Moshi mjini. Alipofika kwenye kona akarudi kwa kufuata mfereji, akakaa nyuma ya migomba.

Hakukaa sana. Kuku mmoja mwenye kishungi alikwenda akichakura hadi kwenye mibuni. Askari akainuka kivulini, akajinyoosha, akamfuata taratibu. Kuku hakushtuka, maana alimzoea. Mbwa akainama akamkamata shingo, mara moja, kukawa kimya. Kisha akashuka korongoni bila haraka.

Aikaeli alibaki kwenye majani mabichi, gauni likilowa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kila jioni, akimpa mbwa huyo ugali, alikuwa akimsimulia ubaya wa Aminieli.

Alipoinuka alikwenda moja kwa moja ng'ambo ya mfereji. Aminieli alikuwa akiwakatia ng'ombe shina la mgomba.

"Ni mbwa," Aikaeli alisema. "Nimemwona kwa macho yangu."

"Hellen alikuambia jana."

"Sikumwamini."

"Najua."

"Nitalisema mbele ya mjumbe, na wale wale waliokuwepo. Naomba unisamehe, shemeji."

Aminieli alijibu kwamba amesikia. Hakusema amesamehe, akaendelea kukata.

Aikaeli alitimiza ahadi wiki ileile. Askari alichukuliwa na Martin, fundi seremala wa Himo, akalinde mbao. Hellen hakukanyaga kwa Aikaeli miezi mingi. Walipokutana kanisani aliamkia na kupita.

Lakini Aminieli alikuja bila kuitwa, amebeba koleo na roli la wavu wa waya. Akasema banda lizungushiwe pande zote na kufunikwa hata juu, maana mwewe akigundua mbwa hayupo atarudi. Aikaeli aliketi kizingitini akimtazama. Kopo la misumari aliyoitoa ndani lilikuwa karibu na mguu wake, na alijikuta anaihesabu kila shemeji yake alipochukua mmoja. Akaona haya. Akaingia jikoni kubandika chai, na akajilazimisha asichungulie dirishani mpaka ichemke.