Siku Tulipolinyamazisha Gari

Barabara ya kutoka Maungu kwenda Kasigau, ninakofundisha, ilikuwa ikitugombanisha mimi na mama bila sababu. Gari langu ni kuukuu. Changarawe zikigonga bati, yeye huuliza "Nini?" nami napaza sauti mpaka koo linawasha. Tukifika, hakuna anayetaka kumsemesha mwenzake.

Basi shule zilipofungwa nikanunua mikeka ya mpira mzito wenye gundi, ile ya kubandika ndani ya bati ili gari lisivume. Jumamosi asubuhi nikaliegesha uani kwetu Voi, nikafungua skrubu za mlango wa dereva, nikavuta paneli ya ndani. Pa! Klipu ya kwanza ikaachia. Nilishtuka, kisha nikacheka peke yangu. Pa! Pa! Mlango ukabaki bati tupu na vumbi jekundu.

Nikaanza kukata mpira kwa kukisia. Mama, ambaye ameshona nguo za watu tangu sijazaliwa, alivumilia kidogo tu.

"Unaharibu kitambaa, mwanangu. Lete gazeti."

Akalikandamiza gazeti kwenye bati, akafuata kila tundu kwa chaki, akakata. Kipande kikakaa kama kola ya shati! Nikabandika, nikasukuma kwa rola. Jua lilikuwa limeshalainisha mpira. Nikagonga mlango wa nyuma: ngaa! Nikagonga wa mbele: dup.

"Ebu gonga tena!" mama akasema, kisha akagonga mwenyewe, mara nne.

Kufikia alasiri tulikuwa tumemaliza milango yote na sakafu. Nikarudisha paneli kwa mbwembwe, halafu kioo cha dereva kikakataa kushuka. Nilikuwa nimesahau kuchomeka waya wake. Mama alicheka mpaka akakalia ndoo. Nikafungua upya.

Kesho yake, baada ya kanisa, tukalijaribu. Tulipopita Maungu lami ikaisha, changarawe zikaanza, lakini zilisikika kwa mbali, kama mvua juu ya nyumba ya jirani. Nikauliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, kiti kiko sawa?"

"Kiko sawa." Akanigeukia. "Kumbe huna hasira! Miaka yote hii nilidhani ukishika usukani unanikasirikia."

Ilibidi nisimamishe gari. Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Tulipoondoka, akaanza kunisimulia alivyojifunza kushona akiwa msichana kule Ronge. Sikuwahi kuyasikia hayo. Nikaweka gia ya pili, nikaenda polepole, tusije tukafika kabla hajamaliza.