Wingu Lina Mwenyewe

Kila mawingu yanapojikusanya upande wa ziwani, mwanangu, nakumbuka siku moja niliyomfokea mdogo wangu Malunde mbele ya wateja. Ni miaka mingi sasa, lakini nikiikumbuka bado uso huniwaka. Kaa nikusimulie, maana wewe ndiyo kwanza unaanza kazi yako, na neno lililotugombanisha utalisikia kila siku. Neno lenyewe ni wingu.

Usishangae nikikuita mwanangu na huku nywele zangu bado nyeusi. Uzee ulinifikia mapema. Mama alimfuata baba kaburini baada ya mwaka mmoja tu. Nilikuwa kidato cha pili, Malunde darasa la tano, na Minza, kitinda mimba wetu, alikuwa hajaanza shule. Nilikunja sketi yangu ya shule nikaiweka chini ya godoro, nikaenda kujifunza cherehani kwenye baraza la Mama Zuhura, muuza vitambaa aliyetoka Kigoma akaja kufungua duka hapa Bariadi. Alinipa mahali pa kukaa bila kuuliza nitamlipa nini. Mungu amlaze pema. Tangu hapo watoto wa mtaa wakaanza kuniamkia shikamoo. Ukiamkiwa shikamoo ukiwa na miaka kumi na sita, mwanangu, unazeeka upende usipende.

Mungu hakuniacha. Kutoka kwenye cherehani ya kukanyaga nilifika kwenye mashine ya darizi inayoongozwa na kompyuta, na nembo za shule ndizo zilizotulisha. Kila shule ina yake: hii ina ua la pamba, ile ina mwenge, nyingine ina ng'ombe na kitabu. Michoro yote ilikaa ndani ya kompyuta yangu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mali yangu hasa. Uzi ukiisha unanunua, mashine ikiharibika unaita fundi. Lakini mchoro mmoja wa nembo ulinichukua siku mbili tatu kuupanga, mshono kwa mshono.

Malunde alimaliza chuo, akapata kazi ya kompyuta Mwanza. Siku hiyo ninayokusimulia alikuja kunisalimia, akakuta nimezungukwa na wateja. Akachungulia kompyuta, akauliza, "Dada Kabula, hii michoro nakala zake ziko wapi?"

"Kwenye flashi."

"Na flashi iko wapi?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ile ile.

"Dada, ingekuwa vizuri tuiweke kwenye wingu."

"Kwenye nini?"

"Wingu. Unaituma kwa intaneti, inakaa huko. Siku ukiitaka, unaivuta."

Wanawake waliokuja kuchukua masweta walikuwa wametega masikio. Nikasema kwa sauti, "Huku kwetu wingu likija tunaanua nguo. Wewe unataka nikaanike humo humo?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Jamani, leo mvua inagombana na mawingu!" Maana majina yetu ndivyo yalivyo. Kabula ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na Malunde, kwa Kisukuma, ni mawingu. Malunde naye alicheka. Kisha akanieleza kwa upole kwamba wingu ni kompyuta kubwa za watu wengine, ziko mbali, nazo hukutunzia vitu vyako.

"Mbona basi mnaziita wingu?"

"Kwa sababu huoni ziko wapi."

"Hata mwizi wa ng'ombe huoni yuko wapi."

Ningeishia hapo ungekuwa utani wa dada na kaka. Lakini kicheko cha watu ni pombe, mwanangu, humlevya anayekipata. Nikaongeza, "Mimi niliacha shule ili wewe usome. Leo umesoma, unarudi kunifundisha kuanika mali hewani?"

Kicheko kikakatika. Malunde akainamisha kichwa. "Sawa, Dada," akasema. Akarudi Mwanza, na kwa miezi kadhaa hakuja tena. Akipiga simu, anaongea na Minza.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mimi mawingu nilikuwa nimeyafukuza mwenyewe, kwa hiyo mvua ilipokuja sikuwa na dalili. Jumapili moja ya Desemba, nikiwa kanisani, upepo uliinua bati la kibanda changu cha kushonea, na maji yakamwagika yote juu ya kompyuta. Mashine ya darizi ilikuwa upande wa pili, ikapona. Kompyuta fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga. Flashi ilikuwa palepale nilipoichomeka, imekufa na mwenzake. Nilidhani nina nakala mbili. Kumbe nilikuwa na mbili zinazolala kitanda kimoja.

Shule zilikuwa zinafunguliwa Januari. Nilikuwa nimeshakubali kazi za shule kadhaa, na walimu walishanionya kwamba nikichelewa, kazi inakwenda kwa fundi wa Mwanza, na ikienda hairudi. Na kazi ile ndiyo ingempeleka Minza chuo cha uuguzi, alikokuwa amechaguliwa. Yeye mwenyewe alinifuata jikoni, akasema, "Dada, usijali. Nitasubiri mwakani." Alilisema kwa wepesi, na wepesi ule ndio ulionichoma. Hivyo hivyo ndivyo nilivyosema mimi siku nilipokunja ile sketi.

Ni Minza huyo huyo aliyenifungua macho. "Lakini Dada," akasema, "nembo si ziko kwenye masweta ya watoto?"

Kweli zilikuwepo! Kazi yangu ilikuwa imeenea Simiyu nzima, imevaliwa. Tukaanza kupiga simu kwa wazazi tuliowajua. Makondakta wa mabasi wakatuletea sweta moja kutoka Malampaka, jingine kutoka Nassa. Kwa Mwanhuzi nilikwenda mwenyewe, kwa mfugaji mmoja, Mzee Masanja, ambaye mjukuu wake alisoma kwenye shule kubwa kuliko zote nilizozishonea.

"Mwangaluka, guku," nikamwamkia kwa Kisukuma, yaani babu.

"Mwangaluka, mayu," akajibu, akiniita mama. Akaniletea kigoda, akatuma sweta lifuatwe ndani. Alipolishika mkononi akanitazama. "Hili si ulishona wewe? Mbona unakifuata kitu ulichokishona mwenyewe?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Ng'ombe wote boma moja!" akasema. "Kabula, wewe ni Msukuma wa wapi?"

Akanyoosha fimbo kwenye boma lake. "Hawa unaowaona ni wachache. Wengine wako kwa rafiki yangu Maswa, wengine kwa shemeji yangu Busega. Ugonjwa ukiingia hapa, siamki maskini."

"Na huyo rafiki anapata nini, guku?"

"Anakamua. Maziwa yake, samadi yake. Ng'ombe wangu. Tulikabidhiana mbele ya mashahidi, tukataja rangi za ng'ombe mmoja mmoja, na siku nikimhitaji namchukua. Hukufundishwa haya nyumbani?"

"Baba alifariki mapema."

"Na hakuna mwingine aliyekwambia?"

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Mdogo wangu aliniambia. Nikamcheka mbele za watu."

Mzee Masanja hakucheka tena. Alilikunja lile sweta polepole, akaniwekea mapajani. "Basi hukupoteza ng'ombe tu, mayu," akasema. "Ulimfukuza na mchungaji."

Nilimpigia Malunde nikiwa nasubiri basi la kurudi.

"Malunde, mvua imeingia dukani."

"Imeingia wapi?"

"Kila mahali." Nikajikaza. "Na yale maneno niliyokwambia siku ile..."

"Dada, natoka kesho asubuhi. Ugali uwepo tu."

Akaja na kompyuta yake. Tulitundika masweta ukutani kwenye baraza la Mama Zuhura, tukachora upya nembo moja baada ya nyingine; Minza anahesabu mishono, mimi nataja rangi za uzi, Malunde anabofya. Majirani wakawa wanakuja kutushangaa kama tumefungua shule. Shule mbili tulizichelewesha kwa siku chache, walimu wakatuvumilia. Hakuna aliyehama, na Minza akaenda chuo kwa wakati. Leo ndiye anayepokea watoto wenu wanapozaliwa. Malunde naye hadi leo hajanitamkia lile neno "nilikwambia". Mwanangu, kuna watu hushukuriwa kwa waliyoyasema. Mimi namshukuru mdogo wangu kwa hilo asilolisema.

Michoro ilipokamilika, nikamwambia haya, peleka kwenye hilo wingu lako. Lakini nilidai yafanyike ya Mzee Masanja. Tukaandikisha kwa jina langu na namba yangu ya simu, si ya Malunde, na namba ya Minza ikawekwa ya pili, awe shahidi iwapo yangu itapotea. Tukasoma majina ya michoro yote, mmoja mmoja, kama wanaotaja rangi za ng'ombe. Malunde alicheka sana. Mwaka uliofuata simu yangu ilipoibiwa mnadani, ile namba ya Minza ndiyo iliyonirudishia kila kitu, naye akaacha kucheka.

Wakati ule nilidhani nimeshalielewa wingu. Wingu ni boma la rafiki, basi. Kumbe nilikuwa nimeshika mkia tu.

Msimu mmoja mwalimu wa Malampaka alifungua mchoro wangu wa winguni kwenye simu yake, akaniandikia, "Kabula, kwenye kaulimbiu yetu umedondosha herufi." Nikarekebisha kabla uzi haujagusa kitambaa. Zamani ningesafiri na sampuli, au ningegundua kosa sweta likiwa mwilini mwa mtoto. Kisha fundi mwenzangu wa Mwanhuzi akaanza kuvuta michoro ile ile kutoka huko huko, anashonea kwake, na masweta hayapandi tena basi. Kile nilichokiita boma kikawa meza moja ambayo watu wa wilaya tatu wanaizunguka bila kuonana.

Baadaye ile programu ya kuchorea ikawa ghali kuinunua. Malunde akasema siku hizi inakodiwa kwa mwezi, na kazi nzito inafanyika kwenye kompyuta za huko. Safari hii sikumcheka. Nani asiyejua maksai wa kukodi? Mwenye shamba dogo hafugi maksai mwaka mzima kwa ajili ya siku nne za plau. Nami msimu wangu ni Novemba hadi Januari. Nakodi wakati wa kulima, nikimaliza nawarudisha. Ila uwarudishe kweli! Mwaka mmoja nilisahau, wakaendelea kula pesa zangu mpaka Pasaka.

Na sasa wingu limeanza kuchora lenyewe. Unalipatia picha, linakupangia mishono. Juzi nililipatia picha ya nembo yenye ng'ombe, likanirudishia mnyama mzuri, mnene, ana masikio, ana kiwele. Nundu hana. Ng'ombe wa Simiyu bila nundu! Nikamwita Malunde tukamtazama pamoja. "Huyu wa Ulaya," akasema, "akifika Meatu kiangazi hamalizi wiki." Nikamchora nundu kwa mkono wangu, na ile kazi ya siku tatu ikawa imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nalishukuru, lakini silali usingizi mbele yake.

Nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, na unisamehe nikiisema bila mpangilio. Watakaokuuzia wingu watakueleza maana yake, na mwakani watakuja na maana nyingine. Usigombane nao, wala usiwakimbilie. Waulize kama mfugaji: hapo kwako ng'ombe wangu watatunzwa tu, au watanilimia pia? Maziwa ni ya nani? Siku nikiwataka wote, nitawachukua kwa njia ipi? Wingu lina mwenyewe; ukiandikisha kwa jina la mtu mwingine, mali imekuwa yake. Usipeleke wote, bakiza nyumbani wa maziwa, maana mtandao nao hukatika na bando huisha. Tafuta shahidi. Jua nundu ya ng'ombe wako, kwa sababu anayetunza hajui unachokijua wewe. Na faida ya kitu hiki usiitafute kwenye kuhifadhi peke yake. Itafute kwenye safari usizosafiri, kwenye makosa yanayoonekana mapema, na kwenye nguvu unayoikodi siku ya kazi na kuirudisha siku ya mapumziko.

Zaidi ya yote, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilivunjika kwa kutosikia la mdogo. Kama ulibeba wenzako mgongoni, Mungu amekuona. Usiwahesabie. Mtoto uliyembeba huona mbali kwa sababu alikuwa juu yako. Akikwambia anaona kitu, sikia.

Mimi bado nikiona wingu naanua nguo. Michoro naiacha huko huko.

Mungu akupe boma lisiloingiwa na ugonjwa, na marafiki waaminifu wa kukutunzia. Akupe mdogo wa kukwambia ukweli na masikio ya kumsikia, na siku mvua itakapoingia kila mahali, awepo wa kukujibu, "Natoka kesho asubuhi." Wabeja, asante, mwanangu. Nenda ukafanye kazi.