Leseni ya Lori Lililobadili Nguo

Kwenye kaunta ya duka moja Masasi, mama mmoja kutoka Kitangari alikuja kulipia leseni ya programu inayomwonyesha lori lake lilipo. Msimu wa korosho lilizokuwa likibeba umekwisha, sasa lori limefungwa tenki, linauza maji.

"Leseni ni ya gari moja, mama," muuzaji akasema. "Hilo la maji ni jingine. Nunua mpya."

Nikiwa nyuma yake kwenye foleni, nikakunja mikono ya shati nimpe muuzaji ukweli wake. Mama akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mwanangu, nikivua kanga nikavaa baibui, utaniandikisha upya?"

Muuzaji akasoma masharti tena: leseni inafuata namba ya gari. Akacheka, akapokea malipo ya leseni ileile.

Nikakunjua mikono ya shati taratibu. Miaka yote nagombana kwenye kaunta, sijawahi kuhudumiwa upesi kama yeye.