Siku Arlène Alipoombewa Abaki

Godelieve, fundi cherehani Mrundi wa mtaa wa Turffontein, alikuwa na binti wa kumzaa, Olive, na wa kumlea, Arlène, yatima wa Kikongo aliyekabidhiwa kwake na mahakama. Mwaka 2017 Arlène alikaribia kutimiza miaka kumi na minane, umri ambao malezi hayo hukoma kisheria. Kwa kuwa bado alikuwa anasoma, mlezi wake aliweza kuomba aendelee kumlea hadi afike ishirini na mmoja.

Olive, aliyeacha shule akawa msusi mtaa wa Joubert Park, aliomba ruhusa saluni akaenda nao mahakamani. Huko alimsikia mama yake akimwambia hakimu, “Ninamtaka mtoto huyu. Naomba abaki kwangu.”

Olive aliona wivu.

Ombi lilikubaliwa. Walipotoka nje, Olive alisema, “Mama, mimi hujawahi kunisemea hivyo.”

“Wewe nimekuzaa, mwanangu. Ningekuomba kwa nani?”

“Hata hivyo, nami ningependa kusikia.”

Godelieve akamshika mkono. Haikutosha. Walipoketi kula chipsi, Olive alijipenyeza katikati yao, na Arlène akampisha.