Siku Nilipomkosoa Mkubwa Wangu Mbele ya Wagonjwa

Mwezi wangu wa kwanza hospitalini Baraka nilikosea kuhesabu matone ya serumu ya mshipani. Nilikuwa nimeshuka kutoka Minembwe na diploma mpya ya uuguzi, na mtoto niliyekuwa namhudumia alikuwa na malaria kali. Mkubwa wetu wa wodi ya watoto, mwanamke wa Kazimia aliyeanza kazi hiyo kabla mimi sijaingia shule, aliona. Angeweza kuniita pembeni. Badala yake alisimama katikati ya vitanda, akapaza sauti:

"Bamama, muangalie! Huyu diplome yake alinunua ku soko. Nani atamuachia mutoto?"

Wakacheka. Mama wa yule mtoto hakucheka. Aliufunika mkono wa mwanawe kwa kitenge nisiuguse tena. Nilimaliza zamu nikitazama sakafu, na moyoni nikasema: na wewe siku yako itafika.

Niliingoja miaka miwili. Nilijifunza kazi kwa hasira, hadi nikawa wa kwanza kuitwa kila mshipa wa kichanga ulipokosekana. Na yeye nilimchunga. Alikuwa hodari, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kisha akaja mwalimu kutoka Nundu kutufundisha namna ya kukosoana sisi wauguzi. Anza na jambo jema, alisema. Sema tendo, usimseme mtu. Nilisikiliza kuliko wote.

Wiki ileile, asubuhi, nilimwona mkubwa wetu akiandika joto la watoto kwenye fishi zao, zile karatasi za vitandani, bila kuwapima. Vitanda vitatu mfululizo, termometa ikiwa mfukoni mwake. Nilipita nikamgusa mtoto wa kitanda cha tatu. Alikuwa anaungua. Nilipaswa kusema palepale. Lakini daktari alikuwa karibu kuanza kupita vitandani, basi nikamwekea mtoto kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, nikangoja.

Daktari alipofika, wauguzi wote wakiwa nyuma yake na akina mama wametulia, nikatabasamu.

"Mama, mi nakushukuru, unatufundishaka kazi kila siku," nilimwambia. "Iko tu kintu kimoja ya kurekebisha. Asubuhi uliandika joto ya huyu mutoto, lakini haukumupima. Tumupime sasa?"

Termometa ilionyesha karibu arobaini. Daktari alimtazama mkubwa wetu, akaagiza dawa. Mama mmoja akauliza, "Na wangu, walimupima?" Kisha mwingine, kisha mwingine. Uso wa mkubwa wetu ulikuwa umekauka. Nilimtazama hadi nikashiba.

Mtoto alipata nafuu jioni. Kabla ya hapo, mchana, mkubwa wetu alinifuata chumba cha dawa, akafunga mlango. Nilingoja matusi.

"Nilikosa," alisema polepole. "Nilichoka, lakini nilikosa. Na we, ulimugusa ule mutoto, nilikuona. Ulimuacha aungue, ungojee docteur."

Ilikuwa kweli, na nikamchukia zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli.

Bado tunafanya kazi wodi moja. Siku hizi akina mama wanataka waione termometa kwanza, naye huwaonyesha, mmoja baada ya mwingine, bila kunitazama. Mama wa kitanda cha tatu sikumwomba msamaha. Aliondoka na mwanawe akinishukuru. Hilo linanisumbua. Uso wa mkubwa wangu mbele ya daktari haunisumbui hata kidogo. Nikiukumbuka, nasikia utamu.