Antivirusi tatu na sambaza za mama mkwe

Leo nimefundishwa kompyuta na mama mkwe, ambaye hajawahi hata kuiwasha.

Jana niliweka antivirusi tatu kwenye kompyuta ya nyumbani. Zote za bure, sasa kwa nini nichague moja?

Asubuhi mashine ikagoma.
Na fomu ya shule ya binti yangu ilitakiwa itumwe kabla ya saa sita!

Mama mkwe, ambaye huanika sambaza, wale dagaa wa ziwani, kule Rubona, akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa maringo: nimeweka walinzi watatu.

Akacheka.
"Bon, mi nikianika sambaza, naweka mutu moja ya kufukuza ndege. Nikiweka watu tatu, kila mutu anachunga mwenzake, ndege inakula."

Nikarudi kwenye mashine.
Nikafuta zote tatu, kwa shida, nikawasha ile iliyokuja na kompyuta yenyewe. Kumbe nayo ni ya bure!
Saa tano na nusu fomu ikaenda.

Kwa hiyo moja inatosha, na hapo sibishani na mtu. Nyie mmeweka ngapi? Semeni ukweli.

Sasa hivi jirani kaja na laptop yake imeganda. Nikanyoosha mikono niipokee.
Akachungulia nyuma yangu:
"Mama ya sambaza iko?"