Kijiti cha Oili

Sifa na shukrani ni za Mungu, aliyenilea katika baridi ya nyanda hizi akanifikisha kwenye mvi nikiwa bado na kumbukumbu zangu. Namshukuru hata kwa zile ambazo ningechagua kuzisahau.

Harufu ya oili inayoungua hunirudisha Uyole, miaka ya sabini. Ni harufu nzito, yenye utamu unaochefua kidogo, na ilikuwa ikikaa kwenye sweta langu la shule hata baada ya kufuliwa. Ilitoka kwenye pikapu ya baba, aliyoinunua ikiwa imekwisha kuchakaa kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa akihama nchi. Gari lile lilikula oili. Likipanda kilima, moshi wa bluu uliwafunika akina mama waliokuwa wakitoka sokoni, nao waliziba pua kwa kanga wakicheka, "Mwalimu, leo unapika nini?" Fundi alikuwa amemwambia baba kwamba ringi za pistoni zimelika, injini ifunguliwe, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini spea hazikupatikana. Baba akaendelea kuongeza oili, na kumshukuru Mungu kila tulipofika salama.

Kazi ya kupima oili ilikuwa yangu, mtoto wake wa kwanza, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kukataa vitu vya karibu. Alinifundisha kama alivyonifundisha sala, hatua kwa hatua. Gari lisimame mahali tambarare. Injini izimwe, tusubiri oili ishuke. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, ukichomoe tena ndipo usome. "Mteremkoni kijiti husema uongo," alinionya mara nyingi.

Msimu mmoja wa mvua tuliletewa habari kwamba bibi, mama yake baba, alikuwa mahututi kijijini kwake, nje kidogo ya mji wa Iringa, na anataka kumwona mwanawe. Tuliondoka alfajiri, mimi na baba tu, na galoni la oili nyuma. Tulisimama Igawa nikapima, tukaongeza. Tukasimama Makambako nikapima, tukaongeza. Pale watu walitusaidia kusukuma, kwa kuwa betri nayo ilikuwa imechoka. Baada ya hapo hapakuwa na watu, ila ukungu na manyunyu. Baba aliposimama tena, alisimama mteremkoni, pua ya gari ikiangalia chini, ili liwake kwa kuserereka. Siku ile hakunionya kuhusu mteremko. Nadhani alikuwa ameshafika kitandani kwa mama yake.

Nilichomoa kijiti. Oili ilikuwa imegusa alama ya juu.

"Imefika wapi, mwanangu?"

"Juu, baba."

Nilijua ni uongo wa mteremko. Lakini kusema hivyo maana yake ilikuwa kushuka hadi tambarare, kusubiri, kupima upya, kisha kusukuma gari matopeni sisi wawili. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nilitaka kurudi ndani.

Njia ya mwongo ni fupi. Kabla ya Mafinga injini iligonga kama mtu anayepiga mlango, ikalia, ikanyamaza. Dereva wa lori la mchele kutoka Rujewa alisimama, akafunua boneti, akakitazama kijiti kilichokuwa kikavu. Kisha akaliona galoni.

"Mzee, imenoki hii, injini imekufa. Umebeba maji mgongoni, punda anakufa kwa kiu?"

Baba hakunitazama.

Lori lilituvuta hadi Mafinga, tukalala kwa mzee wa kanisa, tukapata gari lingine siku iliyofuata. Tulipofika kwa bibi udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Shangazi alimshika baba mikono. "Kaka, kila gari likipita alikuwa anauliza, ndiye huyo?" Watu walilia. Mimi sikulia. Nilikaa kwenye mkeka nikikwangua weusi wa oili kwenye kucha, nisihisi chochote, kana kwamba ile baridi ya barabarani ilikuwa imeingia ndani na kukaa.

Tulirudi kwa basi. Tulipopita mteremko ule baba aliangalia nje, akasema polepole, "Mimi ndiye niliyesimama pale." Basi. Nilitakiwa kusema, "Lakini mimi nilijua." Sikusema siku ile, wala miaka yote aliyoishi baada yake, naye hakuniuliza.

Leo gari la mwanangu halitoi moshi, na oili ikipungua taa huwaka yenyewe. Barabara ile ile tunaimaliza kabla ya chai kupoa kwenye chupa. Hata hivyo, nikiwa naye, humwomba asimame tambarare, azime injini, tusubiri. Hucheka, "Mama, siku hizi hakuna haja." Kisha husimama. Katika kusubiri kule humwambia baba neno nililomnyima, na Mungu, mwingi wa subira, hunisikiliza kila mara kama ni mara ya kwanza.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde njiani. Na siku mtu anayekuamini atakapokuuliza imefika wapi, Mungu akujalie kusimama mahali tambarare kabla ya kujibu. Amina.